Simu Ina Baba Wangapi?

Tulipokuwa shule ya msingi mwalimu alituuliza: nani aliyevumbua simu? Darasa zima tukajibu kwa sauti moja: Alexander Graham Bell! Mwalimu akaridhika. Leo nalirudia swali lile, maana naona jibu letu lilikuwa jepesi mno.

Tarehe 14 Februari 1876, wakili wa Bell aliwasilisha maombi ya hataza mjini Washington. Siku hiyo hiyo wakili wa Elisha Gray, mvumbuzi wa vifaa vya telegrafu, naye alipeleka hati ya tahadhari, yaani karatasi ya kusema: wazo hili ni langu, msimpe mwingine kabla ya kunisikiliza. Mwisho wa mwezi Bell alisafiri hadi Washington, akazungumza na mkaguzi wa hataza, Zenas Wilber. Tarehe 7 Machi akapewa hataza namba 174,465. Siku tatu baadaye, msaidizi wake Watson akaisikia sauti yake kwenye waya. Kifaa alichosemea kilitumia maji yenye asidi, na kilifanana sana na kile alichokichora Gray.

Mwaka 1886 Wilber alikula kiapo kwamba alimwonyesha Bell hati ya Gray, na kwamba alipokea kwake dola 100. Bell naye akala kiapo kukana. Wilber alikuwa mlevi, na viapo vyake vya awali vilisema mengine. Mwaka 1888 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa Bell ushindi, majaji wanne kwa watatu.

Yupo na wa tatu. Antonio Meucci, Mwitaliano maskini wa New York, aliandikisha hati yake ya tahadhari mwaka 1871, lakini baada ya 1874 akashindwa kuilipia. Ilipofika 2002 ndipo Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipopitisha azimio la kumheshimu. Alikuwa amekufa tangu 1889.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini Gray alikuwa na karatasi yake, na bado alishindwa. Nadhani daftari peke yake halitoshi. Lataka na karani mwaminifu, na ada ambayo hata maskini anaimudu.

Simnyang'anyi Bell jasho lake. Alifanya kazi kweli kweli, na madaftari yake yamo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo, katika ukurasa wa Machi 1876, baada ya safari ile ya Washington, kuna mchoro wa mtu aliyeinamisha kichwa akisemea chomboni, kama ulivyo mchoro wa Gray. Mshindi mwenyewe ndiye aliyetutunzia swali.

Mwanao akikuuliza leo nani aliyevumbua simu, usimjibu haraka. Mketishe, umsimulie.