Galaksi M74: kubwa, lakini kuiona ni shida

M74, inayoitwa pia NGC 628, ni galaksi ya aina ya spirali: mikono yake inajizungusha sawa ganda la konokono. Galaksi ni kusanyiko kubwa la nyota, gesi na vumbi. Jua letu pia liko ndani ya moja, Njia ya Maziwa. M74 iko kwenye kundinyota la Samaki, mbali na sisi karibu miaka ya mwanga milioni 32. Maana yake, mwanga unaotufikia leo ulitoka kule wakati mtu hajakuwa bado duniani.

Kwa nini inafifia?

Mwangaza wake ni magnitudi 9 na kidogo. Namba ikipanda, mwangaza unashuka, na jicho tupu linaishia karibu na 6. Lakini shida si namba tu. M74 imetugeuzia uso wake wote, kama sahani unayoitazama kutoka juu, na mwanga wake umetawanyika kwenye upana wa karibu theluthi ya mwezi mpevu. Ni kama kijiko kimoja cha sukari katika sufuria nzima ya chai: sukari iko, ila utamu hausikiki. Ndiyo sababu wengine wanaiita Galaksi ya Mzimu.

Nani aliigundua?

Mfaransa Pierre Méchain, mwaka 1780. Alimjulisha mwenzake Charles Messier, naye akaiandika namba 74 kwenye orodha yake. Baadaye Mwingereza John Herschel alidhani ni kundi la nyota tu.

Faida yake

Uso huo huo unaotusumbua unawasaidia wanasayansi, sababu mikono yote inaonekana wazi. Walishuhudia nyota zikilipuka mule mwaka 2002, 2003 na 2013. Kwa ile ya 2003, walirudi kwenye picha za zamani, wakaikuta nyota yenyewe kabla haijalipuka. Mwaka 2022, darubini ya anga James Webb ilionyesha vumbi la mikono hiyo.

Kuiangalia kutoka huku kwetu

Mwanzo wa mwezi wa 12, saa tatu ya usiku, inakuwa juu sana upande wa kaskazini, karibu na nyota Eta ya Samaki. Inahitaji darubini, na usiku usio na mwezi wala mawingu. Taa za mji zinaifuta. Kijiji ambako umeme haujafika kina nafasi nzuri zaidi. Usitazamie rangi za kwenye picha. Elekeza jicho pembeni yake kidogo: utaona doa hafifu la kijivu. Ndiyo yenyewe.