NYUMBA, ULINZI NA SHERIA: HABARI ZA IVUNA NA BONDE LA RUKWA

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze mwanasheria wa halmashauri hufanya kazi gani, kwa kuwa wanafunzi wengi walioko shuleni hivi sasa hudhani kwamba mwanasheria ni mtu wa kuvaa joho na kubishana mahakamani, basi. Ombi hilo nimelipokea kwa furaha, ila nimeona nilijibu kwa njia ya historia, na historia yenyewe niichukue Ivuna, mahali ambapo baadhi yetu tulizaliwa na wengine hupajua kwa jina tu. Kazi yangu kubwa ni makazi ya watu na usalama wa vijiji. Asiyejua mambo hayo yalikotoka hawezi kufahamu hata jalada moja lililo juu ya meza yangu.

Ivuna ilikaliwa zamani sana kwa ajili ya chumvi. Wataalamu Brian Fagan na J. E. Yellen walichimba huko katika miaka ya 1960, na taarifa yao ya mwaka 1968 inaonyesha kwamba watu walitengeneza chumvi mahali hapo tangu yapata karne ya 13. Hivyo basi, watu wa bonde lile walikuwa na nyumba na taratibu zao za kulindana kabla ya afisa yeyote kufika na daftari. (Wanafunzi wa sayansi watanidai nisipotaja kimondo kilichoanguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938. Ni kweli, aina nzima ya vimondo imepewa herufi ya jina la kijiji chetu, na vipande vyake vimo katika makumbusho ya nchi za nje. Nikipata nafasi nyingine nitaandika.)

Serikali zilizofuata zote zilianza kwa kuhesabu nyumba. Wajerumani walitunga amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza walitunga sheria ya ardhi mwaka 1923 iliyoifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, kisha mwaka 1928 wakaongeza maneno ya kumtambua mwenyeji anayekaa kwa mila na desturi. Machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963, na katikati ya miaka ya 1960 TANU ikaleta mjumbe wa nyumba kumi. Ndugu zangu wa rika langu mnamkumbuka: mgeni akilala kwako, balozi alitaka kumjua. Huo ulikuwa ulinzi usiotumia bunduki wala mshahara, ingawa pia ulikuwa macho ya chama ndani ya kila ua.

Nataka kukaa kidogo kwenye Operesheni Vijiji, kwa sababu hapo ndipo majalada yangu mengi yanapoanzia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu nchini walihamishwa. Nia ilikuwa kupeleka shule, zahanati na maji kwa watu waliokuwa wametawanyika. Mimi mwenyewe nilisoma katika shule ya msingi iliyopatikana kwa njia hiyo, wala sitaikana. Lakini kwa jicho la sheria kuna jambo lisilofichika. Watu waliondolewa kwenye nyumba zao, na mahali pengine nchini nyumba hizo zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi, wakati hapakuwa na sheria iliyosema nani amepoteza nini na nani amepata nini. Sheria ya kuandikisha vijiji ilitungwa mwaka 1975, nayo ilihusu uandikishaji na uongozi. Juu ya haki za zamani za ardhi ilinyamaza.

Kimya hicho kilizaa kesi. Katika miaka ya 1980 watu walianza kudai mashamba yao ya zamani mahakamani, na baadhi walishinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga Sheria Namba 22, iliyofuta haki za kimila za waliohamishwa na kuwafungia mlango wa mahakama. Wakulima wawili wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, baba na mwana, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, hawakukubali. Shauri lao lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1994, na Jaji Mkuu Francis Nyalali akatamka kwamba haki ya kimila ya kukaa katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu hanyang'anywi bila fidia ya haki. Vifungu vilivyowazuia watu kwenda mahakamani vikabatilishwa. Kwa maoni yangu hakuna hukumu nyingine inayomhusu mkulima wa Ivuna kama hiyo, ingawa hajapata kuisikia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ndiyo iliyoweka mpaka. Kifungu cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Kwa hiyo anapokuja kijana msomi ofisini na kuniambia, "Bwana mwanasheria, pale walipojenga ni kwa babu yangu," swali langu la kwanza ni mwaka. Naona uso wake unavyobadilika. Aidha, kwa wenzangu wenye fedha wanaotaka mashamba ya mpunga bondeni: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa mtendaji havitoshi. Ombeni kuona muhtasari wa mkutano. Kumbukeni pia kwamba tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui.

Sasa niseme juu ya ulinzi. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wafugaji Wasukuma walipohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao walikuja pia na desturi zao za kulindana. Sheria ya mwaka 1989 iliwapa walinzi hao wa jadi uwezo wa kukamata. Haikuwapa uwezo wa kuhukumu. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini kijijini ni kubwa kama ziwa lenyewe.

Shauri moja litaeleza vizuri zaidi. Katika kijiji kimoja cha bondeni, ambacho sitakitaja, waliitwa lambalamba, wale waganga wanaojidai kufichua wachawi. Bibi mmoja mjane alionyeshwa kidole. Nyumba yake ilibomolewa mchana, watu wakitazama. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji uliponifikia nilisoma humo, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba kila kaya ilichanga fedha za mganga, na kwamba bibi huyo "ahame kwa usalama wake." Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inafanya kuwa kosa kumtaja mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa mbele ya mamlaka zinazohusika. Mimi niliandika barua ya kurasa mbili kueleza kwamba azimio lile ni batili, kwamba michango irudishwe, na kwamba kiwanja na shamba la bibi visigawiwe kwa mtu yeyote. Polisi walifanya kazi yao kwa upande wao.

Michango ilirudishwa nusu. Bibi mwenyewe yuko Tunduma kwa binti yake, na amekataa kurudi. Aliniambia kwamba barua yangu haiwezi kulala naye usiku. Kiwanja chake kimeandikwa kwa jina lake katika daftari la kijiji, mtendaji ameapa kwamba hakitaguswa, na kila robo mwaka naomba nakala ya ukurasa ule. Ya mwisho imefika mwezi uliopita, na jina lake bado limo.