Kura za 1994, Jibu la 2015

Wasee, mwaka jana nilikuwa natafuta keja. Nikaona kibao getini, nyumba ya kupangisha, bedsita safi, maji yapo, stima ya tokeni. Keateka, mzee mmoja mpole, akanionyesha kila kitu mpaka pa kuanikia nguo. Tayari nilikuwa napiga hesabu ya depositi kichwani. Akaniuliza, "Na umetoka mtaa gani, kijana wangu?"

"Mathare, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Aah. Hii kumbe ilishachukuliwa jana. Nilikuwa nimesahau."

Hakuniuliza kama nina kazi. Hakuniuliza kama naweza kulipa. Jina la mtaa lilimtosha. Sikumchukia, kwa sababu najua alikuwa anaogopa nini, na najua anachoogopa kipo. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: woga kama ule ukitoka getini ukaingia kwenye kampeni, nani hulipa? Nikaanza kusoma, na kisa kilichonikamata ni cha mbali kidogo. Ni Baltimore, Marekani, mwaka 1994.

Kwanza elewa ramani. Kuna mji wa Baltimore, halafu kuna Kaunti ya Baltimore iliyouzunguka. Hizo ni serikali mbili tofauti, kila moja na viongozi wake. Wakati huo mji ulikuwa na Wamarekani weusi wengi, na kaunti ilikuwa na wazungu wengi. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Mwaka 1910 mji wa Baltimore ulipitisha sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia kwenye safu ya nyumba ambayo wakazi wake wengi ni wazungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku sheria za aina hiyo mwaka 1917, lakini kazi ikaendelezwa kwa njia nyingine: mikataba ya nyumba iliyokataza kumuuzia mtu mweusi, na ramani za mikopo zilizoonyesha mitaa ya watu weusi kuwa ni hatari.

Na kabla hujasema Wamarekani wana mambo, kumbuka kwamba mwaka 1913 hapa Nairobi, ripoti ya Profesa Simpson ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Sababu waliyotoa ilikuwa afya, eti tauni. Baltimore nao walizungumzia amani ya mtaa na bei ya nyumba. Maneno yalitofautiana, ukuta ukawa ule ule.

Sasa tuje kwa vocha. Mwaka 1974 Marekani ilianzisha mpango unaojulikana kama Section 8. Unavyofanya kazi ni hivi: familia maskini inatafuta nyumba ya landilodi wa kawaida, inalipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na serikali inamalizia kodi iliyobaki. Kwa hiyo hujengewi ghorofa la maskini peke yao. Unapewa karatasi ambayo, kwa maandishi, inakuruhusu kuishi popote. Kwa vitendo, landilodi wengi walikuwa wakisikia neno vocha, nyumba "inachukuliwa jana".

Mwaka 1994 serikali ya Marekani ikaanza jaribio lililoitwa Moving to Opportunity katika miji 5: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia za nyumba za umma kwenye mitaa yenye umaskini mkali zilijiandikisha, zikapigiwa kura kama bahati nasibu. Kundi moja lilipewa vocha yenye sharti: lazima uhamie mtaa ambao maskini hawafiki asilimia 10 ya wakazi. Familia zilizojiandikisha zilipoulizwa mbona mnataka kuhama, karibu robo tatu yao zilitaja magenge na dawa za kulevya kama sababu ya kwanza au ya pili. Shika hiyo. Walikuwa wanakimbia uhalifu.

Kwa Baltimore mpango ulikuwa familia 285 tu. Lakini 1994 ulikuwa mwaka wa uchaguzi: gavana, mkuu wa kaunti, madiwani wa kaunti. Na upande wa mashariki wa kaunti, Dundalk na Essex, watu walikuwa na machungu ya kweli. Huko ndiko kulikuwa na Sparrows Point, kiwanda cha chuma ambacho enzi zake kiliajiri karibu watu 30,000. Kufikia miaka ya tisini kazi nyingi zilikuwa zimeshapotea. Baba aliyedhani mwanawe atarithi kazi yake kiwandani alikuwa anamtazama kijana akikaa bure. Nyumba ndiyo mali pekee iliyobaki, na bei yake ilikuwa inatetemeka. Upande wa pili wa mpaka, mji wa Baltimore ulikuwa unahesabu mauaji zaidi ya 300 kwa mwaka. Huo ni woga wenye sababu.

Halafu uvumi ukaanza. Wakati huo mji ulikuwa pia unapanga kubomoa maghorofa yake ya nyumba za umma, na watu wakachanganya mambo mawili: wakaambiwa kwamba wakazi wote wa yale maghorofa wanaletwa kwao. Mikutano ikaitishwa, watu wakazomea, na wanasiasa waliokuwa wanatafuta kura wakadandia. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Ukiwa mgombea, huwezi kurudisha kiwanda. Lakini unaweza kuahidi kumzuia mama mwenye watoto watatu asivuke mpaka. Ahadi ya pili ni bei rahisi, na inashangiliwa.

Kinachoniuma ni kwamba lile sharti la asilimia 10 lilimaanisha maeneo mengi ya Dundalk na Essex hayangeweza hata kupokea familia hizo, kwa sababu yenyewe yalikuwa na maskini wengi kupita kiwango. Watu walikuwa wanafunga mlango ambao hakuna mtu alikuwa anaubisha. Maskini wa rangi moja walitumwa kupigana na maskini wa rangi nyingine, na aliyewatuma akaenda zake na kura.

Kelele zilifika Washington. Seneta Barbara Mikulski, Mdemokrati, mzaliwa wa hapo hapo Baltimore mashariki, ndiye aliyekuwa anasimamia kamati ndogo ya bajeti ya nyumba. Mwezi Septemba 1994, wiki chache kabla ya uchaguzi, pesa za kupanua mradi zikaondolewa. Familia za awamu ya kwanza ziliendelea kuhama, katika miji yote 5 jumla zikiwa takriban 4,600 ukihesabu hata zile ambazo hazikupewa vocha. Zaidi ya hapo, mlango ukafungwa.

Je, waliohofia walikuwa na ukweli wowote? Nitasema bila upendeleo. Wachunguzi walipofuatilia familia zile, mapato ya wazazi hayakupanda. Kwa vijana waliohama wakiwa tayari wakubwa, mambo hayakuwa mazuri. Pengine kuhama kuliwavuruga. Kuhusu uhalifu, utafiti wa 2012 katika miji 10 mikubwa haukupata ushahidi wa maana kwamba vocha zinaongeza uhalifu mtaani. Ulichopata ni kwamba wenye vocha huelekea kuishia kwenye mitaa ambako uhalifu tayari unapanda. Ni rahisi kuelewa: huko ndiko landilodi anawakubali.

Kisha ikaja 2015. Wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakaangalia upya wale waliohama wakiwa watoto, chini ya miaka 13. Wakiwa katikati ya miaka ya ishirini, walikuwa wanapata kipato cha asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao familia zao hazikupata vocha. Wengi zaidi walikuwa wamesoma chuo. Kadiri mtoto alivyohama mapema, ndivyo faida ilivyokuwa kubwa.

Fanya hesabu na mimi. Kampeni ilichukua miezi michache. Jibu lilichukua miaka 21. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 mwaka 1994 alikuwa na 27 jibu lilipofika. Kama mradi ungepanuliwa, kuna watoto wangehama wakiwa na 6, 7, 8. Hawakuhama. Na ukishindwa kwenye kura unaweza kurudi baada ya miaka minne, lakini utoto hauna uchaguzi mdogo.

Kaunti ya Baltimore ilikuja kupitisha sheria ya kumzuia landilodi kumkataa mtu kwa sababu tu analipa kwa vocha. Ilikuwa 2019, kwa kura 4 dhidi ya 3. Robo karne baadaye, na bado ilipita kwa kura moja.

Ndiyo maana siku hizi mgombea akisimama juu ya gari mtaani kwetu akaanza, "Hawa watu wanaletwa hapa kuharibu," mimi namuuliza vitu vitatu. Ni wangapi? Wanakimbia nini? Na ile kazi tuliyopoteza, utairudishaje? Akikosa jibu la tatu, najua kwa nini alianza na "hawa watu."

Keja nilipata mwishowe, mtaa mwingine. Huko nako kulikuwa na swali la umetoka wapi. Nilijibu ukweli, mwenye nyumba akaniangalia kidogo, akanipa ufunguo. Nimelipa kodi kila mwezi.