Kutoka Borabu hadi Minneapolis: Ubaguzi Ulioandikwa Kwenye Hati za Ardhi

Ukitoka Keroka kwa barabara ya Sotik, ardhi hubadilika kabla hujamaliza kilomita nyingi. Nyuma yako, Nyaribari na Kitutu Masaba, mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena. Baba aliwagawia wana, wana wakawagawia wajukuu, hata migomba, chai, mahindi na makaburi ya wazee vimebanana kwenye vipande visivyofika nusu ekari. Mbele yako, Borabu, malisho yametanda, ng'ombe wa gredi wanalisha kwa nafasi, mikaratusi imesimama kwa mistari mirefu, na kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo.

Tofauti hiyo haikuletwa na mvua wala udongo, maana mvua inyeshayo Keroka ndiyo inyeshayo Kijauri, ndani ya Borabu. Iliwekwa na serikali ya kikoloni kwa sheria iliyotazama kwanza ngozi ya mtu. Historia yake inafaa kusomwa upya wakati huu ambapo watu wengi wa Kisii na Nyamira wana ndugu, binti au mjomba Minnesota, Marekani, jimbo ambalo masjala yake ya ardhi yana mipaka ya namna hiyohiyo.

Waingereza waliwashambulia Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, mwaka wa 1905, wakarudi 1908. Januari ya mwaka huo wa pili, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki ofisa wa serikali, Geoffry Northcote. Simulizi za wazee humtaja Moraa Ng'iti, mwaguzi aliyeheshimika, kuwa ndiye aliyemtia moyo. Northcote alipona. Askari wa King's African Rifles wakatumwa kulipiza kisasi. Walichoma nyumba, wakateka mifugo na kuua watu wengi mno, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, akaandika akihoji kama kweli ilibidi kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiwango kile. Otenyo alikamatwa akauawa, na inasimuliwa hadi leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote alizidi kupanda cheo. Kufikia 1937 alikuwa gavana wa Hong Kong.

Lakini kilichodumu kuliko vita vile kilifanywa na makarani. Sheria ya ardhi ya 1902 iliiwezesha serikali kuwagawia walowezi ardhi iliyodai kuwa ya Mfalme. Ile ya 1915 iliongeza muda wa kukodisha hadi miaka 999 na kumpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka kwa mtu wa rangi moja kwenda kwa mtu wa rangi nyingine. Eneo la Sotik, kati ya Abagusii na Wakipsigis, likakatwa mashamba ya Wazungu. Wakipsigis walipoteza ardhi kubwa, na huko Kericho, kuanzia miaka ya 1920, kampuni za chai zikatandaza mashamba yao. Abagusii wakazungushiwa mpaka wa rizavu, eneo walilotengewa Waafrika. Mwaka wa 1939 amri kutoka London ikatia muhuri: Nyanda za Juu zilikuwa za Wazungu.

Ndani ya rizavu mtu alidaiwa kodi ya kibanda, na fedha ya kulipia kodi ilipatikana kwa mlowezi. Kijana wa Kitutu au Mugirango alivuka mpaka kwenda Sotik au Kericho kukamua ng'ombe na kuchuma chai ya mwingine, kipande kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kipande hicho, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilibeba alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Asiye nacho alikamatwa. Mzungu hakuhitajika kubeba kitu cha namna hiyo.

Kahawa inatuonyesha vizuri zaidi jinsi ubaguzi unavyogeuka kuwa umaskini. Mbuni uliingia Kenya mnamo 1893 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki. Kwa takriban miaka arubaini Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuupanda kwa ajili ya biashara. Walowezi walitoa sababu zao: shamba la Mwafrika lingesambaza magonjwa, wezi wangepata mahali pa kuficha kahawa ya wizi, na kahawa duni ingeharibu jina la Kenya katika soko la London. Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wakipanda kahawa na kuiuza, na kufikia 1925 walikuwa na chama chao cha wakulima. Bugisu, Uganda, hali ilikuwa hivyohivyo. Magonjwa na wizi havikuizuia kahawa ya Wachaga kupata mnunuzi. Hofu ya walowezi, ambayo baadhi yao hawakuificha, ilikuwa kwamba Mwafrika mwenye kahawa yake hangeenda tena kuchuma kahawa ya Mzungu kwa shilingi chache kwa mwezi.

Serikali ilipolegeza kamba katikati ya miaka ya 1930, ilichagua wilaya tatu za majaribio: Embu, Meru na Kisii. Zilichaguliwa pia kwa sababu zilikuwa mbali na mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi. Kanuni zilitungwa mwaka wa 1934 kwa ajili ya kahawa ya Waafrika peke yao: leseni, ukaguzi, idadi ndogo ya miti kwa kila mkulima. Mlowezi alipanda kadiri alivyoweza kulima. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda, na mwanawe, Simeon Nyachae, alikuja kuwa mmoja wa wafanyabiashara na wanasiasa wakubwa wa nchi hii. Sisemi Nyachae alitajirika kwa kahawa ya babake. Ninachosema ni kwamba familia iliyopata zao la fedha mapema ilipata karo mapema na mtaji mapema. Hebu fikiria boma zote zilizozuiliwa miaka arubaini. Mbuni huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi na ukitunzwa huzaa miongo mingi. Mkulima alinyimwa mavuno, watoto wake wakakosa karo ambayo mavuno hayo yangelipa, na wajukuu wakakosa yale ambayo elimu hiyo ingeleta.

Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotungwa moto wa Mau Mau ukiwaka, ndio uliomfungulia Mwafrika mazao ya biashara kwa upana. Chai ikafuata. Leo viwanda vya Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Kiamokama na vinginevyo vinapokea majani kutoka kwa wakulima ambao babu zao waliruhusiwa kuichuma chai kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuimiliki.

Amri ya kuondoa kizuizi cha rangi katika Nyanda za Juu ilitoka mwaka wa 1960. Miaka miwili baadaye ukaanza mpango wa makazi wa ekari milioni moja. Serikali ilinunua mashamba ya walowezi waliotaka kuondoka na kuyakata kwa ajili ya Waafrika. Hivyo ndivyo Abagusii walivyoingia Nyansiongo, Lietego, Manga na sehemu nyingine za Borabu ya leo. Ardhi hiyo haikutolewa bure. Mlowezi aliyepewa shamba na serikali kwa masharti nafuu alilipwa bei alipoondoka, na Mwafrika aliyeingia alianza maisha mapya akiwa na deni la mkopo. Aliyekosa pesa ya kuanzia, au aliyekosa kujulikana, alibaki kwenye kipande chake upande wa pili. Ndiyo maana Borabu ni pana na Nyaribari ni finyu hadi sasa, zaidi ya miaka sitini tangu rangi iondolewe kwenye sheria.

Mpaka ule uliacha na jeraha jingine. Wakipsigis na Abagusii, ambao wote walisukumwa ili mlowezi apate nafasi, wamepigana juu ya mstari aliouacha. Mwaka wa 1992 damu ilimwagika mpakani, na Januari 2008 nyumba na maduka ya soko la Chepilat yaliteketea. Vijana waliorushiana mishale hawakuwa wamezaliwa mstari ulipochorwa.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka wa 1910, miaka miwili baada ya Otenyo kuuawa, hati ya kuuza kiwanja iliandikishwa Minneapolis ikiwa na sharti kwamba mali ile isiuzwe, isiwekwe rehani wala kukodishwa kwa Mchina, Mjapani, Mturuki, mtu mweusi, au mtu yeyote mwenye damu ya Kiafrika. Watafiti wa mradi wa Mapping Prejudice, Chuo Kikuu cha Minnesota, wamesoma hati za mji huo moja baada ya nyingine na kupata maelfu zenye masharti ya aina hiyo. Mwanasheria wa Sotik wa mwaka wa 1915 angezielewa bila kufafanuliwa, ingawa huko Marekani serikali iliwaachia wauzaji wa viwanja kazi ya kuandika kizuizi, kisha mahakama zikakilinda.

Penye uzito wa hati paliongezwa uzito wa umati. Mwaka wa 1931 Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigania Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alinunua nyumba ndogo na mkewe Edith katika barabara ya Columbus, kusini mwa Minneapolis. Wakazi wa mtaa walikuwa wamekubaliana miaka michache nyuma kutowauzia watu weusi. Maelfu ya watu waliizingira nyumba hiyo usiku baada ya usiku, wakitupa mawe na kutukana. Wakili Lena Olive Smith, mwanamke mweusi, alisimama na familia hiyo ikakataa kukimbizwa, lakini baada ya muda ilihama. Kutoka nyumba hiyo hadi mahali George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi tarehe 25 Mei 2020 ni kama kilomita moja na nusu.

Kuanzia 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba iliyowawezesha mamilioni ya Wazungu wa kipato cha kawaida kumiliki nyumba, na maofisa wake walipendelea mitaa yenye masharti ya rangi. Mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo. Katika mji jirani wa Saint Paul, mtaa wa Rondo, uliokuwa moyo wa jamii ya watu weusi, ulipasuliwa katikati na barabara kuu iliyojengwa miaka ya 1950 na 1960. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza mahakama kuyatekeleza masharti ya rangi mwaka wa 1948, Minnesota ikapiga marufuku mapya mwaka wa 1953, na sheria ya taifa ya 1968 ikakataza ubaguzi katika nyumba. Hata hivyo, leo zaidi ya kaya saba kati ya kumi za Wazungu Minnesota zinamiliki nyumba zao, na kwa kaya za watu weusi ni takriban tatu kati ya kumi. Wamarekani wengi wa kawaida huwarithisha watoto nyumba. Aliyezuiwa kununua mwaka wa 1940, bei zikiwa chini, hakuwa na cha kuwaachia, na wanawe walipofunguliwa mlango walikuta bei imewapita.

Ni katika historia hiyo ndugu zetu waliingia. Tangu miaka ya 1990 Abagusii wamemiminika Minneapolis na vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center. Wengi wao wanafanya kazi ya uuguzi na ya kutunza wazee, zamu mbili kwa siku, wanasali katika makanisa ya Waadventista yenye nyimbo za Ekegusii, na kutuma pesa za karo na matanga nyumbani. Wengine walifika wakiamini kwamba taabu za Wamarekani weusi haziwahusu, kwamba wale wameshindwa kutumia nafasi zilizopo. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, hapa nyumbani hata zaidi kuliko huko, na kila mara yananiuma. Hati ya 1910 haikumtofautisha mjukuu wa mtumwa wa Mississippi na mwana wa Nyamira. Polisi aliyempiga risasi Daunte Wright, kijana mweusi wa miaka 20, huko Brooklyn Center tarehe 11 Aprili 2021, alifanya hivyo katika mji ambao watoto wa Kigusii wanajifunza kuendesha gari. Mzazi wa Keroka anayemwambia mwanawe kwa simu asibishane na askari akisimamishwa barabarani anarudia shauri ambalo mababu zake walipewa zama za kipande.

Mtu aliyelelewa karibu na Borabu hafai kuhitaji kufundishwa kwa nini sheria ikifutwa pengo hubaki. Analiona kila apandapo matatu ya kwenda Sotik. Hakuna asemaye kwamba wenye robo ekari Nyaribari ni wavivu kuliko wenye ekari ishirini Nyansiongo. Tunajua ni nani alipata nafasi ya kununua, na lini. Ujuzi huo ndio ningetaka kijana anayepanda ndege kwenda Minneapolis aubebe, ili akikutana na jirani mweusi asiye na nyumba aulize kwanza babu yake alikatazwa kununua wapi.

Mnamo Novemba 2024 wapiga kura wa Brooklyn Park walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya mwenye asili ya Ugusii, kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Baraza hilo ndilo lililopitisha, mwaka wa 2019, sheria inayomruhusu mwenye nyumba kuandikisha tamko la kulikana sharti la rangi lililomo kwenye hati yake. Maneno ya zamani hayafutwi kwenye masjala. Yanabaki, na kando yake panawekwa tamko kwamba mwenye mali ameyakataa. Nesi kutoka Nyamira aliyeweka akiba miaka mingi hadi akapata nyumba yake anaweza leo kuitisha hati ya nyumba hiyo, akasoma kwamba mtu wa damu yake hakuruhusiwa kulala hapo isipokuwa kama mtumishi, na akatia sahihi yake ya kukataa. Sheria hiyo haimlipi mtu senti moja ya thamani iliyoongezeka tangu 1910, kama vile amri ya 1960 haikumlipa mkulima wa Kisii mavuno ya kahawa aliyokatazwa kupanda.