Nani Mwenye Mamlaka ya Kufuta Deni? Historia ya Sheria ya Ufilisi katika Shirikisho la Marekani

Utangulizi

Mwaka 1798 Robert Morris, mmoja wa watu waliotia saini Azimio la Uhuru na Katiba ya Marekani, alifungwa mjini Philadelphia kwa sababu ya madeni. Kuanzia 1781 hadi 1784 yeye ndiye aliyesimamia fedha za taifa lililokuwa vitani. Lakini biashara ya ardhi ilimwendea mrama, na madeni yakamlemea. Aliachiwa mwaka 1801, si kwa kuwa alilipa, bali kwa kuwa Bunge la shirikisho lilikuwa limetunga sheria ya kwanza ya ufilisi mwaka uliotangulia.

Dawa ya deni ni kulipa, husema Waswahili. Sheria ya ufilisi huanzia pale dawa hiyo inapokosekana. Katika shirikisho, hata hivyo, huzuka swali la ziada: iwapo mdaiwa anaishi jimbo moja, mdai wake yuko jimbo la pili, na mali iko jimbo la tatu, ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba deni limekwisha? Makala hii inaonyesha kuwa jibu lililodumu nchini Marekani halikuupa upande wowote mamlaka yote. Serikali kuu ilipewa kazi ya kufuta deni. Majimbo yakabaki na kazi ya kueleza mali ni nini na familia ibakiwe na nini.

Mamlaka yaliyolala

Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ililipa Bunge la shirikisho mamlaka ya kutunga sheria za ufilisi zinazolingana nchini kote. James Madison aliitetea ibara hiyo kwa kuihusisha na biashara baina ya majimbo: bila kanuni moja, mdaiwa mdanganyifu angeweza kuihamishia mali yake jimbo jingine.

Pamoja na hayo, mamlaka hayo hayakutumika kwa muda mrefu. Sheria ya 1800 ilifutwa 1803. Ya 1841, iliyofuata msukosuko wa kiuchumi wa 1837, ilifutwa 1843. Na ya 1867, iliyotungwa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ilifutwa 1878. Kati ya 1789 na 1898, nchi ilikuwa na sheria ya ufilisi ya shirikisho kwa takriban miaka 16 tu. Kila mara msukosuko ulizaa sheria, na nafuu ilipokuja malalamiko yakaiua: wadai walilalamika kuwa wanapata kidogo mno, na wakulima waliogopa kuburutwa mahakamani na wafanyabiashara wa mijini. Hata hivyo, hatua moja haikupotea. Sheria ya 1800 iliwahusu wafanyabiashara pekee, na ni wadai tu walioweza kufungua shauri. Ile ya 1841 ilimruhusu mdaiwa yeyote kuomba mwenyewe.

Majimbo yajaribu peke yao

Katika miaka hiyo ya ukimya, majimbo yalijaribu kuliziba pengo. Mwaka 1819, katika shauri la Sturges dhidi ya Crowninshield, Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo linaweza kutunga sheria ya ufilisi pale Bunge la shirikisho linapokaa kimya, lakini haliwezi kufuta deni lililokuwapo kabla ya sheria hiyo, kwa kuwa Katiba inayakataza majimbo kudhoofisha mikataba. Mwaka 1827, katika shauri la Ogden dhidi ya Saunders, Mahakama ilikubali kuwa jimbo linaweza kufuta madeni yaliyofuata sheria yake, ila si dhidi ya mdai wa jimbo jingine. Matokeo yake yalikuwa mazito. Mfanyabiashara wa New York aliyesamehewa nyumbani aliendelea kudaiwa na mkopeshaji wake wa Boston. Msamaha wa jimbo uliishia mpakani.

Mgawanyo wa 1898

Sheria ya 1898 ndiyo iliyodumu, hadi nafasi yake ilipochukuliwa na ile ya 1978. Kwa utaratibu uliopo sasa, shauri hufunguliwa katika mahakama ya shirikisho. Mara tu linapofunguliwa, wadai wengi husimamishwa kudai popote nchini. Msimamizi hukusanya mali inayoweza kugawanywa. Na mwishoni mdaiwa mwaminifu hufutiwa sehemu kubwa ya madeni. Lakini swali la nini ni mali ya mdaiwa hujibiwa kwa kawaida na sheria ya jimbo, kama Mahakama ya Juu ilivyothibitisha mwaka 1979 katika shauri la Butner.

Vivyo hivyo kwa mali isiyokamatwa. Texas ilianza kulinda nyumba ya familia mwaka 1839, ilipokuwa bado jamhuri huru, na hadi leo ulinzi wake hauna kikomo cha thamani. Wadai waliopinga tofauti hizo walishindwa mwaka 1902: Mahakama ilisema ulinganifu ni wa kijiografia, si wa kila mdaiwa kupata kiasi kilekile. Wapo waliohamia majimbo yenye ulinzi mkubwa ili kuficha mali, hila ileile aliyoihofia Madison. Mwaka 2005 Bunge liliweka masharti ya muda wa ukaazi na kikomo kwa nyumba zilizonunuliwa karibuni.

Mdaiwa anapokuwa serikali

Jaribio gumu zaidi lilihusu miji. Sheria ya 1934 ya kuisaidia ilibatilishwa 1936 kwa hoja ya uhuru wa majimbo. Nyingine ya 1937 ikakubaliwa 1938, kwa kuwa jimbo lenyewe liliridhia. Ridhaa hiyo ndiyo iliyoiwezesha Detroit kufungua shauri mwaka 2013, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 18. Puerto Rico haikuwa na mlango huo. Marekebisho ya 1984 yaliiondolea nafasi ya kuruhusu miji na mashirika yake kufilisika, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikabatilisha sheria iliyojitungia yenyewe. Mwaka huohuo Bunge la shirikisho likaunda njia maalumu, pamoja na bodi ya kusimamia fedha za kisiwa hicho. Waliobeba gharama ya pengo hilo ni wakaazi wasio na mbunge mwenye kura katika Bunge lililoliacha.

Hitimisho

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unataja shirikisho la kisiasa kuwa lengo la mwisho, ilhali nchi wanachama hazina sheria moja ya ufilisi: Uganda ilitunga ya kwake 2011, Kenya 2015. Historia ya Marekani inaonyesha kuwa si lazima sheria za ardhi na za nyumba ya familia zifanane. Yanayohitaji sauti moja ni mawili: amri ya kusimamisha madai na tamko la kufuta deni, ili msamaha uliotolewa Kampala usiishie Busia. Na kabla ya kugawa mamlaka hayo, ni vyema kuhakikisha kuwa hakuna mdaiwa, awe raia au serikali ya mtaa, anayeachwa nje ya milango yote miwili.