Canon EOS 80D: Nguvu na udhaifu wake kwa mpigapicha wa Uchindile na Bonde la Kilombero

Picha ya pete ikiingia kidoleni haina marudio. Kadi ikigoma au picha zikitoka na chenga, mpigapicha wa kijijini anarudisha pesa za watu, na jina lake linachafuka kuanzia Uchindile mpaka Mlimba.

Ndiyo maana kuchagua kamera si jambo la mchezo kwa kijana anayetaka kuachana na simu na kuingia rasmi kwenye kazi za harusi, sendofu, kipaimara na mahafali. Moja ya kamera ambazo bado zinazunguka kwenye soko la mtumba ni Canon EOS 80D. Si ya bei ya chini kabisa, na si ile ya mastudio makubwa. Ipo katikati.

Haya hapa ni mambo ya kuyajua kabla ya kutoa pesa.

Ni kamera gani hii?

Canon waliitangaza 80D Februari 2016. Bodi peke yake, bila lenzi, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 1,199. Mrithi wake, 90D, alitangazwa Agosti 2019, kwa hiyo 80D nyingi zinazouzwa leo zimeshapita kwenye mikono ya mtu mwingine.

Kwa ufupi:

- Megapikseli: 24.2
- Alama za fokasi: 45
- Kasi: picha 7 kwa sekunde
- ISO: 100 hadi 16,000
- Video: Full HD, haina 4K
- Betri: takriban picha 960 kwa chaji moja
- Nafasi ya kadi: moja tu
- Uzito: gramu 730 pamoja na betri na kadi

NGUVU ZAKE

1. Betri inayokaa na chaji

Uchindile ni kata ya milimani wilayani Kilombero, kwenye reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako. Kazi ya huko inaweza kumweka mpigapicha siku nzima mbali na mahali pa kuchajia.

Hapa 80D inajitetea vizuri. Betri yake aina ya LP-E6N inatoa takriban picha 960 kwa mtu anayechungulia kwenye kidirisha cha juu. Akiwa na betri mbili zilizojaa, harusi inaanza kanisani na kuisha ukumbini bila kuhangaika na umeme.

Angalizo: kupiga kwa kutazama skrini ya nyuma kunakula chaji haraka sana. Aliye mbali na umeme azoee kuchungulia.

2. Fokasi ya haraka, hata kwenye video

Alama 45 za fokasi zinasaidia kumshika mtu anayetembea, mtoto anayekimbia au mcheza ngoma asiyetulia. Alama ya katikati inaweza kufokasi hata kwenye mwanga hafifu kama wa mbalamwezi.

Kwenye video, mfumo uitwao Dual Pixel unahama kutoka uso mmoja kwenda mwingine taratibu, bila picha kucheza mbele na nyuma. Mpigapicha anagusa tu skrini mahali anapotaka pawe pakali. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake bila msaidizi, hii ni nguvu kubwa.

3. Skrini inayozunguka

Skrini inafunguka pembeni na kugeuka pande zote. Watu wakijaa mbele wakati wa kukata keki, kamera inainuliwa juu ya vichwa na picha bado inaonekana. Maharusi wakiwa wameketi kwenye mkeka, inashushwa chini bila mpigapicha kulala kwenye vumbi.

4. Inatuma picha bila kula bando

80D ina Wi-Fi yake yenyewe. Inaungana na simu moja kwa moja kupitia programu ya Canon, hata mahali pasipo na mtandao. Mteja anapata picha mbili tatu za kuweka status siku hiyo hiyo. Bando litatumika pale tu picha zinapotoka kwenye simu kwenda mtandaoni.

5. Inasogeza vitu vya mbali

Sensa yake ni ndogo kuliko ya kamera kubwa za bei mbaya, na hilo lina faida yake: lenzi inaonekana ndefu kwa mara 1.6. Lenzi ya milimita 250 inaona kama ya milimita 400.

Bonde la Kilombero limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2002, na linajulikana kwa sheshe, yule swala wa nyanda za majimaji. Anayetaka kupiga wanyama na ndege kwa mbali anapata urefu huo bila kubeba lenzi nzito kama jembe.

6. Sauti safi

Ina tundu la maiki na tundu la hedifoni. Anayerekodi hotuba ya mzee wa ukoo au kwaya anaweza kusikiliza sauti inavyoingia, badala ya kugundua akiwa nyumbani kwamba maiki ilikuwa imezimwa.

UDHAIFU WAKE

1. Kadi moja

Huu ndio udhaifu mkubwa kwa mtu wa harusi. Kamera zenye nafasi mbili zinaandika picha ileile kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, moja ikifa nyingine ipo. 80D haina hiyo. Kadi ikiharibika saa tisa alasiri, kazi ya tangu asubuhi imo humo.

Dawa kamili haipo, ila hatari inapungua kwa kufanya hivi:

- Kutumia kadi kadhaa za GB 32 badala ya kadi moja kubwa. GB 32 inabeba takriban picha 1,000 za RAW, na zaidi ya 3,500 za JPEG kubwa.
- Kubadilisha kadi baada ya kila tukio: kanisani kadi moja, ukumbini nyingine.
- Kufomati kadi kwenye kamera yenyewe kabla ya kazi, siyo kwenye kompyuta ya mtu.
- Kadi ikionyesha kosa, kuacha kuitumia palepale. Picha nyingi huokolewa zikiwa hazijaandikiwa juu yake nyingine.

2. Chenga gizani

ISO inapanda hadi 16,000, lakini kupanda ni jambo moja na picha kuwa safi ni jambo jingine. Kuanzia 3,200 chenga zinaanza kuonekana, na 6,400 ni ya kutumia pale isipokuwepo njia nyingine. Kwenye ukumbi wenye taa mbili, au chini ya miti mizito ya Milima ya Udzungwa, tatizo hili linajitokeza mapema.

Wengi wanalaumu kamera wakati kosa ni la lenzi. Lenzi inayouzwa na kamera ikifika f/5.6 inapitisha mwanga kidogo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu, inapitisha mwanga zaidi ya mara 9 ya hapo. Kasoro yake ni kwamba kwenye 80D inaona kama ya milimita 80, hivyo chumba kikiwa kidogo mpigapicha atagonga ukuta wa nyuma kabla familia nzima haijaingia kwenye picha.

3. Haina 4K

Mteja anaweza kuuliza: mbona simu yangu inarekodi 4K na kamera yako haifanyi hivyo? Swali ni la haki. 80D inaishia Full HD, na kila kipande cha video kinakatika kabla ya dakika 30, kwa hiyo kwenye ibada ndefu ni lazima kubonyeza tena.

Kwa video za kuangaliwa kwenye simu na WhatsApp, Full HD inatosha. Kwa anayetaka kuuza kazi kwa televisheni au mashirika yanayodai 4K, hii siyo kamera yake.

4. Haijatengenezwa kwa ajili ya mvua

Bodi imezibwa kuzuia vumbi na matone, lakini haiwezi kuvumilia masika. Tena lenzi ya 18-135 ambayo mara nyingi inauzwa nayo haikuzibwa kabisa. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi ni kinga rahisi na inafanya kazi.

5. Ni nzito

Bodi, lenzi na flashi vinaweza kuzidi kilo moja na nusu. Kwa saa kumi za harusi shingo inasema. Kamera mpya zisizo na kioo ndani ni nyepesi zaidi.

HALI YA HEWA NAYO NI ADUI

Mambo matatu yanaua kamera mapema kwenye bonde hili.

Kuvu. Joto na unyevu vinaotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuisafisha ni kazi ya fundi. Kamera isikae miezi kwenye mkoba wa kitambaa. Ihifadhiwe kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ukungu wa safari. Anayepanda treni Makambako kwenye baridi na kushuka Mlimba kwenye joto akifungua kamera papo hapo, lenzi itajaa ukungu. Aiache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la mahali.

Vumbi. Kubadilisha lenzi barabarani wakati wa kiangazi ni kukaribisha madoa kwenye sensa. Kamera izimwe, uso wake utazame chini, na lenzi mpya iwe tayari mkononi.

Ikilowa, isitumbukizwe kwenye mchele, hata kama ni mchele mzuri wa Ifakara. Unga na vumbi la mchele vinaingia kwenye matundu. Itolewe betri na kadi, ipanguswe, iachwe ikauke mahali penye hewa, na isiwashwe mapema.

KABLA YA KUNUNUA YA MTUMBA

Kama ni Kariakoo au kwa mtu binafsi, ukaguzi ni uleule:

- Shata: Canon waliipima 80D kwa mizunguko 100,000. Idadi iliyotumika haionekani kwenye menyu ya kamera; inahitaji programu ya kompyuta. Muuzaji anayekataa isipimwe anatia shaka.
- Sensa: kupiga picha ya anga kwa f/16, kisha kuikuza. Madoa meusi ni uchafu.
- Lenzi: kumulika kwa tochi ya simu kupitia vioo. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu.
- Betri: menyu inaonyesha uwezo wa betri halisi kwa vijimstari vitatu. Ikibaki na kimoja, bei ya betri mpya iingie kwenye hesabu.
- Skrini: kuizungusha pande zote huku imewashwa. Ikizimika kwenye kona fulani, waya umechoka.
- Mengine: Wi-Fi, flashi, mlango wa kadi, na kurekodi video dakika kadhaa kwa maiki.

WAPINZANI WAKE

Canon 90D: megapikseli 32.5, picha 10 kwa sekunde, 4K, na betri ya takriban picha 1,300. Nayo ina nafasi moja ya kadi, na bei iko juu.

Nikon D7200: ya 2015, megapikseli 24.2, nafasi mbili za kadi, betri ya takriban picha 1,110. Skrini haizunguki na fokasi ya video iko nyuma ya 80D.

Nikon D7500: ya 2017, ina 4K na picha 8 kwa sekunde, lakini ilirudi kwenye kadi moja.

JE, INAFAA?

Inamfaa anayefanya picha na video peke yake, mbali na umeme, na wateja wake wanaangalia kazi kwenye simu au kwenye albamu. Kwa huyo, betri, fokasi na skrini ya 80D vinalipa.

Haimfai anayepiga picha tu na hatua ya kwanza ni usalama wa picha za harusi; D7200 ya kadi mbili itampa usingizi. Wala haimfai anayehitaji 4K.

Na kama bajeti ni moja, isiishie yote kwenye bodi. Bodi yenye lenzi ya 50 f/1.8, betri ya pili na kadi tatu nzuri itafanya kazi kuliko bodi ya gharama zaidi yenye lenzi moja na kadi moja ya kuazima.