Mwelemeo si Mtawanyiko

Neno "shabaha" limebebeshwa mizigo mitatu. Ni kitu kinacholengwa, ni kitendo cha kulenga, tena ni sifa ya mtu: fulani ana shabaha. Ubaya wa mzigo huo wa tatu huonekana risasi inapokosa. Papo hapo tunasema hana shabaha, na kesi imekwisha. Jicho la mtu limehukumiwa, bunduki na risasi hazikuitwa hata kutoa ushahidi.

Kwa mlengaji anayejaza risasi zake mwenyewe, hukumu hiyo haisaidii kitu. Tuseme amepiga risasi tano kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 100, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Matundu yote matano yanaweza kufunikwa na kisoda kimoja, lakini yako sentimita 12 chini ya alama, upande wa kushoto. Kesho yake, kwa risasi alizojaza upya, matundu yanaizunguka alama pande zote, moja huku, jingine kule. Siku zote mbili amekosa, ila makosa hayo hayana undugu, wala dawa zake hazifanani. La kwanza napendekeza tuliite mwelemeo. La pili ni mtawanyiko.

Mkulima wa Ufipa anaweza kukutana na yote mawili kwenye mizani ya mahindi. Kuna mizani inayopunja kilo mbili kila gunia: ukishaijua, unaongeza mbili na biashara inaendelea. Kuna nyingine ambayo gunia lilelile likipandishwa mara tatu linatoa majibu matatu. Hiyo huna cha kuiongezea wala kuipunguzia. Lazima ifunguliwe itazamwe ndani. Bunduki nayo ndivyo. Mwelemeo huondolewa kwa kusogeza darubini au alama za kulengea. Anayezungusha skrubu za darubini ili atibu mtawanyiko atazungusha mpaka jua lizame.

Kwa nini maneno haya na si mengine? "Usahihi" umezoeleka kwa maana pana ya kutokuwa na kosa, hauulizi ni kosa la namna gani. "Mkengeuko" ungekaa vizuri mahali pa mwelemeo, lakini wana takwimu wana kazi nao nyingine, na katika mahubiri unanuka dhambi. Mwelemeo unatokana na kuelemea, kama mtumbwi uliopakiwa vibaya unavyoelemea upande mmoja. Kwa mtu wa Kasanga, aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, picha hiyo haihitaji mkalimani.

Mtawanyiko, kwa upande wake, una ndugu aitwaye mtawanyo, na kinachowatenga ni silabi moja tu. Mtawanyo unatokana na kutawanya, kwa hiyo yupo anayetawanya. Mwindaji anayepakia marisau ili awapate kanga wanaoruka anautaka mtawanyo, ameulipia. Mtawanyiko unatokana na kutawanyika: jambo limetokea, mtendaji hatajwi. Kiambishi kile kidogo cha -ik- kinamwachia mlengaji nafasi ya kupumua na kutuelekeza tutafute kisababishi. "Hana shabaha" haituelekezi popote.

Kisababishi chenyewe mara nyingi kimo katika ujazaji, na hilo wenye magobore walilijua zamani. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, hushindiliwa kwa mdeki, huja risasi, mwisho fataki. Kila mlio hutengenezwa upya. Baruti ikizidi kidogo, ikishindiliwa kwa nguvu zaidi au ikivuta unyevu, mlio wa leo si wa jana. Risasi ya kisasa si kitu kigeni sana kwa mwenye gobore. Ni gobore dogo lililoshindiliwa mapema: fataki kitakoni mwa ganda, baruti ndani, kichwa cha risasi kimebanwa shingoni.

Historia ya Tanganyika ina mfano mkubwa wa kazi ya kujaza risasi upya. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani, Rubens, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na silaha na risasi za jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku katika Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaishambulia, na Rubens ikaishia katika maji mafupi. Shehena iliokolewa, lakini risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe kwa mkono, baruti ianikwe, zisafishwe na kufungwa tena, kisha zijaribiwe kwa mafungu. Mafungu yaliyokuwa na fataki nyingi zisizowaka yalitengwa kwa mazoezi. Hapo hakuna aliyeuliza askari yupi ana shabaha. Risasi ndizo zilizopangwa kwa tabia zao.

Anayeusaka mtawanyiko leo naye aanze kwa kutenga. Apige kwanza risasi za kiwandani. Zikikusanyika, bunduki haina hatia. Zikitawanyika nazo, akaze skrubu zinazoshika mtutu kwenye mbao, asafishe mtutu, achunguze kama mdomo wake umebonyea, na auache upoe kati ya mlio na mlio. Akigeukia risasi zake, apime uzito wa baruti, atumie maganda ya kiwanda kimoja yaliyojazwa idadi sawa ya mara, aangalie urefu wa ganda, jinsi shingo inavyobana kichwa cha risasi, na kina ambacho kichwa hicho kimezamishwa. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadili baruti na fataki siku hiyohiyo, akipona hatajua dawa ilikuwa ipi. Na kiwango cha juu kilicho katika jedwali la mtengenezaji wa baruti hakivukwi kwa kisingizio cha majaribio, maana mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wake.

Mtawanyiko hupimwa kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mita 100 dakika moja ni milimita 29, karibu upana wa kisoda kile. Lakini matundu matatu hudanganya: yanaweza kukaribiana kwa bahati tu. Kadiri unavyopiga zaidi ndivyo kundi la matundu linavyopanuka na kuonyesha sura yake halisi, kwa hiyo mtu asishangilie risasi zake kabla hajapiga makundi kadhaa.

Mwelemeo nao una hila yake, na barabara ya Sumbawanga hadi Kasanga inaionyesha. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama mita 770. Huku juu hewa ni nyepesi na asubuhi za Juni ni za baridi. Kule chini hewa ni nzito zaidi, joto ni kali, na baruti nyingi zikipata joto huisukuma risasi kwa kasi zaidi. Bunduki iliyorekebishwa uwandani inaweza kupiga mahali pengine ikifika ufukweni, hasa kwa masafa marefu. Kundi limehama, lakini halijavunjika. Asiye na maneno haya mawili atarudi nyumbani kulaumu mizani yake ya baruti, aanze kuharibu ujazaji uliokuwa mzuri.

Tena maneno haya hayahitaji kubaki nomino za vitabuni, yanarudi kuwa vitenzi bila taabu. Mlengaji akirudi na karatasi yake akisema amekosa, kabla ya kumwambia hana shabaha, aulizwe: zimeelemea, au zimetawanyika?